Mbegu na Ifike Kabla ya Mvua

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika kilimo cha mahindi msemo huo ni kweli tupu, na wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ni ushahidi wake. Jambo hili latuhusu hata sisi wa visiwani, kwani unga wa sima tuulao aghalabu hutoka bara.

Mwenyeji wa Unguja au Pemba huijua mvua. Baridi inayokawiza mazao haijui. Mahindi huhitaji joto kama yanavyohitaji maji. Hewa ikipoa hadi nyuzi 10 za Sentigredi, ukuaji wake hukaribia kusimama; nyuzi zinazozidi hapo ndizo zinazoukuza mmea. Siku yenye wastani wa nyuzi 24 huupa mmea nyuzi 14 za kufanyia kazi. Siku ya nyuzi 18 huupa 8 tu. Kwa hesabu hiyo, mbegu inayokomaa kwa siku 100 penye joto itataka siku 175 penye baridi. Na kila mita 1,000 za kupanda mlima hupunguza joto kwa nyuzi zipatazo sita. Ndiyo maana bonde la Yaeda na nyanda za juu za Mbulu, ingawa ni wilaya moja, haziwezi kufuata kalenda moja.

Mvua za huko kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, kisha baridi ya Juni na Julai huingia. Mkulima wa milimani Mbulu akichelewa kupanda, punje hujaa wakati wa baridi hiyo. Wa tambarare za Hanang akichelewa, mahindi yake hutoa maua mvua zikikatika.

Miaka ya 1970, watafiti Cooper na Law walichunguza mahindi ya Kitale, katika nyanda za juu za Kenya. Waligundua kwamba joto la udongo katika wiki za mwanzo lina uzito mkubwa katika mavuno. Wakati huo kichipukizi kinachozaa majani, na baadaye maua, bado kimo ardhini. Udongo uliopigwa na jua la kiangazi una joto. Mvua zikishika, hupoa. Aliyepanda mapema hulikuta joto hilo. Aliyechelewa huikuta baridi. Kabla yao, katika miaka ya 1950, mtafiti Birch wa Muguga, nchini Kenya, alionyesha kwamba udongo mkavu ukiloweshwa hutoa naitrojeni nyingi kwa ghafla. Mvua zinazofuata huweza kuizamisha chini, mahali ambapo mizizi michanga haifiki.

Hatusemi mkulima akurupuke kwa manyunyu ya siku moja. Mbegu iliyochipua kisha ikakosa maji ni hasara tupu. Twasema awe tayari mvua ya kweli inaposhika.

Tangu Azimio la Iringa la Siasa ni Kilimo, la mwaka 1972, wananchi wamehimizwa kulima kwa kanuni bora. Lakini mhimizo usiofuatana na mbegu ni maneno matupu. Kwa hiyo twawaomba wanaohusika mambo mawili. Kwanza, mbegu na mbolea ziwe zimefika vijijini kabla Oktoba haijaisha. Pili, maagizo yatolewe kwa kufuata mwinuko na joto la mahali, si mipaka ya wilaya. Mbegu za Kilima, Staha na Kito zilizotolewa nchini mwaka 1983 hazikuwa za namna moja: Kito, kwa mfano, ilikusudiwa kukomaa upesi. Kila mahali pana mbegu yake.

Afisa anayeiacha shehena ya mbegu ghalani wiki tatu kwa kungoja saini amekwisha kuyapunguza mavuno kabla jembe halijagusa ardhi. Upungufu huo hautabaki Katesh wala Dongobesh. Utavuka bahari, na mama wa Darajani atauona katika bei ya kilo moja ya unga.