Mzee Nabhany na Elimu ya Nyanya

Mzee wetu Ahmed Sheikh Nabhany, Allah amrehemu, alizaliwa mwaka 1927 Matondoni, kisiwani Lamu, kijiji cha mafundi wa majahazi. Aliyemlea na kumfunza utungaji ni nyanya yake, naye alikuwa mshairi. Elimu hiyo ya nyumbani ilizaa matunda: Sambo ya Kiwandeo, utenzi wa uundaji wa vyombo vya bahari, na Umbuji wa Mnazi, unaoeleza mnazi na manufaa yake. Hata neno runinga ni yeye aliyelibuni. Uzeeni alikaa Mombasa, na wanazuoni wa vyuo vikuu wakimwendea kumuuliza maneno ya kale. Alifariki mwaka 2017.

Wangapi majumbani mwetu tunawapa wazee chakula na dawa, kisha hatuwaulizi neno? Kuwasikiliza nako ni katika kuwatendea wema. Enyi kina mama, wakalisheni watoto karibu na nyanya na babu zao, wawaulize nasaba, mapishi, majina ya pepo na ya samaki. Na tuyaandike wangali hai, inshaallah.