Kwa nini klorokwini iliacha kuponya malaria?

Vijidudu vya malaria havifanani vyote. Vichache huzaliwa na badiliko linaloviwezesha kustahimili dawa. Dawa ikiua vingine, hivyo vichache hubaki, huzaana, na mbu huvisambaza. Huo ndio uteuzi wa asili, alioueleza Charles Darwin mwaka 1859. Ndivyo klorokwini ilivyoshindwa, na Tanzania ikaiacha mwaka 2001.

Ushahidi uko Malawi. Iliiacha mwaka 1993, vijidudu sugu vikakosa faida na kupungua. Katika utafiti wa mwaka 2005, karibu watoto wote waliopewa klorokwini walipona.

Sasa tunatumia dawa mseto. Tuilinde: pima kwanza, maliza dozi yote hata ukipata nafuu, wala usigawane dawa na jirani.