Kuwamba Dari ya Wavu Chumbani

Leo jioni kabla ya kuwasha taa, ingia katika chumba unacholala na watoto. Tazama juu, pale ukuta unapokwisha na paa linapoanza. Katika nyumba nyingi za vijijini utaona uwazi. Pengine mkono wako unaweza kupita hapo. Uwazi huo uliachwa kwa sababu nzuri. Unapitisha hewa na kutoa moshi. Lakini ndio mlango mkubwa wa mbu wa malaria.

Mbu huyo huitwa anofelesi. Huuma usiku, watu wanapolala. Pumzi na harufu ya watu humvuta kutoka nje. Akikutana na ukuta hupanda nao mpaka juu. Huko hukuta uwazi, naye huingia. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga mlango na dirisha mapema, na bado akaumwa na mbu usiku kucha.

Leo tutaeleza namna ya kuwamba dari ya wavu. Ni wavu uliotandazwa chini ya uwazi huo, ukakazwa, na kufungwa kwenye kuta zote nne za chumba. Mbu akiingia kwa juu hubaki juu ya dari. Hawafikii waliolala. Kazi yenyewe si ngumu, lakini watu wengi huikosea mahali pamoja: pembeni, pale wavu unapokutana na ukuta.

Je, dari hii inasaidia kweli?

Katika nchi ya Gambia, Afrika Magharibi, nyumba nyingi za vijijini zina uwazi kama huu wa kwetu. Wataalamu walijaribu dari za namna mbalimbali huko. Matokeo yalitolewa mwaka 2003. Penye dari ya wavu, mbu wa malaria walioingia walipungua kwa 79 katika kila 100. Penye uwazi uliozibwa kwa udongo tu, walipungua kwa 37.

Baadaye walikwenda katika nyumba za watu, katika mji wa Farafenni na vijiji vya jirani. Matokeo yalitolewa mwaka 2009. Safari hii mbu walipungua karibu nusu. Nyumba ya watu ina mlango unaofunguliwa na watoto wanaotoka na kuingia, kwa hiyo haiwezi kuwa sawa na nyumba ya majaribio. Lakini sikiliza habari ya watoto. Katika nyumba zisizo na dari, watoto 30 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Katika nyumba zenye dari ya wavu walikuwa 19.

Upungufu wa damu unahusianaje na mbu? Vijidudu vya malaria huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mtoto akiugua mara kwa mara, damu yake haipati nafasi ya kurudi. Viganja vyake hupauka. Huchoka upesi, hachezi. Watoto wengi hufa kwa upungufu huo wa damu.

Vifaa

Tafuta wavu wa madirisha, ule wa plastiki wenye matundu madogo. Kitambaa cha marekani nacho kinafaa, hasa kwenye paa la nyasi, kwa sababu huzuia vumbi na wadudu wanaodondoka. Lakini marekani huzuia hewa pia, na chumba kitakuwa na joto. Ukitumia marekani, ifue kwanza na kuikausha, maana kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa. Gunia lililowekwa dawa ya wadudu wa mashambani usilitumie kabisa, hata kama umelifua mara kumi. Na usikate chandarua kizima cha kitandani. Chandarua kilichochakaa, ambacho hakifai tena kulalia, hicho unaweza kukikata.

Utahitaji pia papi za mbao, au fito zilizonyooka na kumenywa maganda. Tafuta misumari midogo, uzi imara na shazia ya kushonea magunia. Kama papi ni chache, okota vizibo vya soda.

Pima chumba kabla ya kwenda dukani. Tuseme chumba kina upana wa meta 3 na urefu wa meta 4. Ongeza sentimeta 20 kila upande, za kukunja. Sasa unahitaji wavu wa meta 3.4 kwa meta 4.4. Kama wavu wa dukani una upana wa meta 1.2, kata vipande 4, kila kimoja meta 3.4. Jumla ni meta 13.6. Nunua meta 14. Vishone vipande hivyo kwa kupandanisha kingo zake sentimeta 5. Shona mishono ya karibu karibu. Mshono wenye meno makubwa ni uwazi mwingine.

Kwanza ukuta

Usianze na wavu. Anza na ukuta. Ziba kila ufa kwa udongo uliokandwa vizuri, hasa sehemu ya juu. Wako wanaoficha nyufa kwa kupigilia kanga au kitenge ukutani. Chumba kinapendeza, lakini nyuma ya kitambaa hicho kunguni wanazaana kwa raha. Nyufa za kuta na sakafu za udongo ni maficho ya papasi pia, na papasi wanaleta homa. Kama unapenda kitambaa ukutani, kandika ukuta kwanza. Kisha kitundike kwa namna ya kukishusha upesi ukakifue na kukianika juani.

Udongo ukikauka, pigilia papi ukutani kuzunguka chumba chote, kiganja kimoja chini ya uwazi. Msumari haushiki kwenye udongo. Gonga ukuta kwa vidole ukitafuta nguzo zilizomo ndani, upigilie hapo. Kama ni ukuta wa matofali, toboa na kuingiza vigingi vya mbao, kisha pigilia papi kwenye vigingi hivyo.

Kuwamba

Mwite mwenzako. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja.

Umemwona mtu akiwamba ngoma. Hamalizi upande mmoja kisha akahamia mwingine. Anavuta huku, halafu anavuta upande wa pili, akizunguka. Fanya hivyo hivyo. Kunja ukingo wa wavu mara mbili, kama upindo wa shuka, ili msumari upite katika tabaka tatu. Wavu usiokunjwa huchanika msumarini baada ya muda mfupi. Piga msumari wa kwanza katikati ya ukuta mmoja. Nenda ukuta unaoelekeana nao, vuta wavu ukaze, piga msumari katikati. Halafu fanya katikati ya kuta mbili zilizobaki. Misumari hii ipige nusu tu, isizame, maana huenda ukahitaji kuing'oa.

Sasa toka katikati kuelekea pembe, msumari mmoja huku na mmoja kule. Pembe ziwe za mwisho. Ukianza na pembe, wavu utalegea katikati na hakuna namna ya kuukaza tena.

Niliwahi kulala katika nyumba ambayo dari yake ilifungwa kwenye pembe nne tu na misumari michache. Ilining'inia kama tumbo la mbuzi mwenye mimba. Usiku panya alikuwa akitembea juu yake, nami nikifuata nyayo zake kwa macho. Mbu nao walipita pembeni kama kawaida. Mwenye nyumba alikuwa ametumia fedha, na kitambaa kilikuwa kizuri. Kilichokosekana ni misumari na nusu siku ya kazi.

Wavu ukishakaa sawa, weka papi ya pili juu ya upindo na kuibana kwa misumari kwenye papi ya kwanza. Wavu sasa umebanwa katikati ya mbao mbili, urefu wote wa ukuta. Hii ndiyo njia bora. Kama huna papi za pili, ponda vizibo vya soda viwe bapa, na kila msumari upitie kwenye kizibo. Chini ya kizibo weka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ili bati lisikate wavu. Kati ya msumari na msumari pasizidi upana wa vidole vinne. Mwisho, kandika udongo kati ya papi na ukuta, kuzunguka chumba chote. Udongo huo utapasuka ukikauka. Kandika tena.

Katika chumba kikubwa, pitisha kamba nyembamba chini ya wavu kutoka ukuta hadi ukuta, kila baada ya hatua moja. Zitauzuia usishuke.

Jaribu kazi yako mchana. Funga mlango na dirisha, kisha tazama pembeni mwa dari. Mwanga unaopita kwenye wavu ni hafifu. Mwanga wa upenyo ni mkali, kama mstari. Penye mstari huo ingiza njiti ya kiberiti. Ikipita, na mbu anapita.

Tahadhari ya moto

Usiwambe dari juu ya meko. Wavu wa plastiki huyeyuka ukipata moto, na matone yake huunguza vibaya. Marekani huwaka upesi zaidi. Kama mnapika ndani ya chumba hicho hicho mnacholala, hamishieni meko nje au katika kibanda chake kabla ya kuwamba. Kibatari kiwekwe chini, mbali na ukuta.

Mkishamaliza, endeleeni kulala ndani ya chandarua chenye dawa. Dari haichukui nafasi yake, kwa kuwa wako mbu wanaoingia mlangoni jioni. Mtoto akipata homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo akapimwe damu. Msingoje kwa kuwa nyumba ina dari.

Vumbi na masizi yatajaa kwenye wavu. Yafagie kwa ufagio laini kila mwezi, mkiwa mmetoa vyombo na matandiko nje. Baada ya mvua za masika tazama pembe zote tena. Mbao huvimba na kunywea, na udongo huachia. Wavu ukilegea, usivute pembe. Ng'oa misumari ya ukuta mmoja, vuta, na uanze tena katikati.