777 Si Dawa

"Niweke namba ngapi?" Swali hili haliishi, na kila likija linakuja na picha ya skrini: tovuti imegoma, kivinjari kinaonyesha 403, na mwenye tovuti ameshapiga chmod -R 777 kwa sababu kuna video ilimshauri hivyo. Juzi mmoja kaongeza: "Nimeweka 777 na bado inakataa, hakuna kubwa zaidi?" Hakuna. 4 ni kusoma, 2 ni kuandika, 1 ni kutekeleza. Ukijumlisha umefika mwisho. Kama 777 haikufungua, basi ugonjwa haukuwa hapo ulipopaka dawa.

Na hiyo dawa ni sumu. Ile 7 ya mwisho inampa ruhusa zote kila asiye mmiliki wala mwanakundi. Watu hudhani huyo ni msomaji anayefungua ukurasa kwenye simu. La, ni kila akaunti na kila programu inayoendeshwa ndani ya seva, ikiwemo ile plagini ya fomu ya mawasiliano uliyosahau kuisasisha. Mdukuzi akipenya kwenye plagini hiyo, anafanya kila ambacho seva inaruhusiwa kufanya. Wewe umeiruhusu kuandika popote: atapachika msimbo wake ndani ya index.php, na kwenye folda ya picha ataacha faili la PHP lenye jina lisilotia shaka.

"Lakini kwangu ilikubali." Ndiyo, wakati mwingine hukubali, na hivyo ndivyo waganga wanavyopata wateja. Wakati mwingine huharibu palepale. Apache yenye suEXEC hukataa kuendesha skripti ambayo yeyote anaweza kuiandika, kwa hiyo unatoka kwenye 403 unaangukia 500. SSH nayo, kwa mipangilio yake ya kawaida, hukataa ufunguo wako ukiifanya folda yako ya nyumbani iandikike na kila mtu. Anayeielekeza chmod -R 777 kwenye / anapoteza hata sudo.

Uliza hivi: nani anaomba, na amezuiwa wapi? Jibu limeandikwa kwenye error.log, ambayo karibu hakuna anayeifungua kabla ya kuniuliza. Nginx huandika "13: Permission denied" pamoja na njia nzima ya faili. Apache ikitoa AH00035, ina maana imekosa ruhusa ya kupita kwenye folda mojawapo njiani. Tangu Ubuntu 21.04, folda mpya za nyumbani huundwa zikiwa na 750. Ukiweka tovuti ndani ya /home/juma/tovuti, www-data, yaani akaunti inayoendesha seva, inakwama kwenye /home/juma, na 777 uliyoiweka huko ndani haifikiwi kabisa. Andika namei -l ukifuatisha njia yote. Kila folda itajipanga na mmiliki wake na ruhusa zake. Pale seva inapokosa x ndipo palipoziba.

Sasa fanya haya. Tazama kwa ps aux seva na PHP zinaendeshwa na akaunti gani. Hamishia tovuti /var/www. Folda 755, mafaili 644, wp-config.php ya WordPress 640 na kundi lake liwe la seva. Mmiliki uwe wewe. Akaunti ya www-data ipewe folda inayoandikiwa tu, kama uploads, na PHP izuiwe kuendeshwa humo. Kuikabidhi tovuti nzima ni kosa lilelile. Kwenye Rocky au AlmaLinux, namba zikiwa sawa na bado inakataa, shuku SELinux: angalia lebo kwa ls -Z, zirekebishe kwa restorecon, na folda ya kuandikia ipe httpd_sys_rw_content_t. setenforce 0 ni ya kupimia, ukishapima rudisha 1.

Na kama 777 imekaa humo kwa miezi, kurudisha namba hakumtoi aliyekwisha kuingia. Linganisha mafaili na nakala safi, kisha badilisha nywila ya hifadhidata.