Kwa Nini Wavulana Hawaingii Ile Ofisi

Shule nyingi za upili hapa Kenya zina mwalimu wa ushauri nasaha. Yupo, na mlango wake una kibao. Shida ni kwamba wavulana hawaendi. Nilisoma shule ya bweni ya wavulana miaka minne, na aliyeonekana akiingia ile ofisi alikuwa ama amefiwa, ama ametumwa na mwalimu wa nidhamu baada ya kushikwa na sigara. Ukionekana pale bila sababu mojawapo kati ya hizo, kufikia saa ya chai bweni zima lina habari. Isitoshe, mshauri mwenyewe ndiye anayekufunza hesabu asubuhi na kuketi kwenye kamati ya nidhamu jioni. Sasa nani atamwambia ukweli?

Halafu kuna simu. Shirika la Msalaba Mwekundu lina nambari ya bure, 1199, na watoto wana 116. Nambari nzuri sana, lakini simu ni marufuku bwenini. Kwa hivyo mvulana wa kidato cha pili anayekosa usingizi wiki tatu mfululizo anabaki na dawa ile ile ya siku zote: jikaze kisabuni.

Kujikaza huko kuna gharama. Duniani, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kiwango cha wanaume wanaojiua ni takriban mara mbili ya kile cha wanawake. Na hapa kwetu, aliyejaribu kujiua akaponea alihesabiwa mhalifu chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kijana aliyekuwa na mawazo hayo alijua kwamba kuyasema kungeweza kumwita polisi badala ya daktari.

Ndiyo maana mpango wa Shamiri ulinivutia. Ulianzishwa na Tom Osborn, Mkenya, pamoja na wenzake. (Jina lenyewe linachekesha kidogo. Sisi tumezoea kusikia kwamba ni ulevi au ufisadi ulioshamiri.) Badala ya kumngoja mwanafunzi ofisini, mpango unamfuata shuleni, kwenye kikundi kidogo, saa moja kwa wiki, wiki nne. Anayeongoza si mwalimu wala daktari. Ni kijana wa miaka 18 hadi 22 hivi, aliyemaliza shule juzi tu na kupewa mafunzo mafupi.

Wanazungumza nini? Hapo ndipo penye ujanja. Hakuna anayetaja ugonjwa wa akili. Wanaanza na wazo kwamba mtu hubadilika, kwamba akili hukua kwa mazoezi kama msuli. Halafu wanaingia kwenye shukrani, kisha maadili ambayo kila mmoja anayathamini na jinsi ya kuyaishi. Mvulana anaweza kukaa pale bila mtu kumbandika jina lolote. Anasikia jamaa aliyelala bweni kama lake akisimulia alivyolemewa, na anaona huyo jamaa bado ni mwanaume. Mimi naona hilo linashinda yale mahubiri ya Jumapili ya wageni wa kutia moyo, wanaopiga kelele ukumbini kuhusu mtoto wa kiume aliyesahaulika kisha wanapanda gari na kwenda.

Je, inasaidia? Utafiti uliochapishwa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry ulihusisha wanafunzi 413 wa shule nne za Nairobi na Kiambu, wote wakiwa na dalili za sonona au wasiwasi. Nusu walipata Shamiri. Wengine walikutana vivyo hivyo, ila wakafunzwa mbinu za kusoma. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini la Shamiri likapata zaidi. Kumbuka tu kwamba wasichana walikuwa wengi kuliko wavulana, na kilichopimwa ni dalili. Kama mvulana atabisha mlango wa mshauri baadaye, hilo ni swali jingine.

Tena saa nne za mazungumzo hazimtibu kijana aliyezama kabisa. Kiongozi wa kikundi lazima awe na mtu wa juu yake wa kumpelekea anayehitaji mtaalamu, siku hiyo hiyo, si baada ya mitihani. Pasipo ngazi hiyo, mnafungua kidonda na kukiacha wazi.

Sasa angalia ile miaka: 18 hadi 22. Ni sisi hao. Wengi wetu tunarudi shule zetu za zamani kila mwaka kutoa hotuba za jinsi ya kupata A. Chama kingeweza kuomba idara ya saikolojia itufunze na kutusimamia, kisha tuombe shule hizo saa moja ya Jumamosi kwa wiki nne, watoto kumi na wawili kwa kikundi, na mwalimu wa nidhamu asiwe ndani ya chumba.