Unamtuma Nani Mtandaoni?

Leo nataka kuwasimulia jambo lililotokea nyumbani kwangu mwenyewe, maana huenda na kwenu limekwisha kutokea bila ninyi kujua sababu yake.

Mke wangu aliona uvimbe mdogo kwenye titi. Kabla ya kwenda hospitali hakutaka mtu yeyote ajue, hata mama yake mzazi. Usiku, watoto walipokwisha kulala, tuliichukua simu yetu, maana ya kupangusa tunayo moja tu, tukasoma habari za uvimbe wa namna ile. Siku ya tatu dada yangu akaiazima ili atazame matokeo ya mtihani ya mwanawe. Aliandika herufi tatu tu, m, a, t, na simu ikammalizia yenyewe. Haikuandika "matokeo", iliandika "matiti yenye uvimbe". Dada akauliza kwa sauti, mbele ya shangazi na majirani wawili: "Kaka, nani mgonjwa humu ndani?" Mke wangu akainuka, akaenda jikoni, wala hakurudi mpaka wageni walipoondoka. Uvimbe haukuwa saratani. Lakini siri ile ilikuwa yake, na simu ilimtolea.

Basi ni nani aliyeitoa? Ni kivinjari. Ndilo jina la ile programu tunayoifungua ili kusoma kurasa za mtandao: Chrome, Firefox, Opera Mini na nyinginezo. Wengi wetu husema tu, "Naingia mtandaoni," tukidhani kivinjari na mtandao ni kitu kimoja. Sivyo. Kivinjari ni kama mtoto unayemtuma dukani. Yeye ndiye aendaye, yeye ndiye arudiye na mzigo, naye ajua kila ulichoagiza. Mtoto wa kutumwa twamchagua. Hatumtumi yule apitaye nyumba kwa nyumba akieleza mama kaagiza nini. Lakini kivinjari twakipokea vivi hivi, kama tulivyokikuta simuni siku tulipoinunua.

Yafaa kujua mtoto huyu abeba nini mfukoni. Kwanza anayo orodha ya kila mahali ulipokwenda. Ndiyo iliyotuumbua sisi. Pili anazo kuki. Kuki ni kijikaratasi kidogo ambacho tovuti hukiacha ndani ya kivinjari chako ili ikukumbuke utakaporudi. Alikibuni mhandisi mmoja wa kampuni ya Netscape huko Marekani, Lou Montulli, mwaka 1994, na shabaha yake ilikuwa njema: duka likumbuke ulichokwisha kuweka kikapuni. Lakini wenye matangazo ya biashara waligundua upesi kwamba tangazo lao likibandikwa katika tovuti mia, laweza kusoma kijikaratasi kile kile kote mia. Hivyo wakujua ulisoma habari za ugonjwa asubuhi, mpira mchana, na mkopo wa fedha usiku.

Hapo ndipo vivinjari vinapoachana njia. Firefox ilitoa toleo lake la 1.0 mwaka 2004, na tangu 2019 huzuia yenyewe kuki nyingi za wafuatiliaji. Safari, ya simu za Apple, huzizuia kuki zote za watu wa pembeni tangu 2020. Google nao walitangaza mwaka 2020 kwamba wataziondoa katika Chrome, wakaahirisha mara kwa mara, na mwezi Aprili 2025 wakasema zitabaki, mtumiaji achague mwenyewe katika mipangilio. Kwa nini? Ukitaka kumjua mtumishi, uliza nani amlisha. Sehemu kubwa ya mapato ya Google yatokana na matangazo. Sisemi kwamba Chrome ni mbovu. Kwa kuzuia wezi ni imara sana, na hurekebishwa upesi kasoro inapoonekana. Firefox yatoka kwa Mozilla, inayomilikiwa na shirika lisilogawana faida. Hata hivyo, tuseme kweli, fedha zao nyingi hulipwa na Google hao hao, ili injini yao ya kutafutia ikae mbele.

Mimi nimechagua Firefox, na sababu moja ni ya mfukoni. Katika simu za Android yakubali kuongezewa kizuizi cha matangazo kiitwacho uBlock Origin. Tangazo lililozuiwa halipakuliwi, na lisilopakuliwa halili bando lako.

Najua wengi kijijini hupenda Opera Mini kwa sababu hiyo hiyo ya bando. Kwa kusoma habari haina neno. Lakini fahamuni jinsi inavyofanya kazi: ukiiweka katika namna ile ya kubana kupita zote, ukurasa hupitia kwanza kwenye mashine za Opera, hufunguliwa pale, hubanwa, ndipo huletwa kwako. Ni kama barua inayofunguliwa njiani ili ikunjwe vizuri. Basi kwa mambo ya benki au ya matibabu, iondoeni namna hiyo au tumieni kivinjari kingine.

Na kipo kisa cha kutufumbua macho. Mwezi Mei 2015 wachunguzi wa Citizen Lab, katika Chuo Kikuu cha Toronto huko Kanada, walitoa taarifa juu ya UC Browser, kivinjari kilichokuwa na watumiaji mamilioni mengi. Waliona kwamba toleo lake la Kichina la simu za Android lilikuwa likipeleka namba za utambulisho wa simu na za laini, pamoja na habari za mahali mtu alipo, bila kuzifunga sawasawa. Yeyote aliyekaa njiani aliweza kuzisoma. Kampuni ilikuwa imearifiwa mapema, nayo ikatoa toleo jipya. Lakini mtumiaji wa kawaida asingeweza kamwe kuligundua jambo hilo kwa macho yake.

Wengine wataniuliza: "Je, lile dirisha la faragha halitoshi?" Kwa kisa cha dada yangu lingetosha kabisa, nami najilaumu kwamba sikulitumia usiku ule. Ukilifunga, orodha na kuki zafutika simuni. Lakini lasahau nyumbani tu. Huko nje, tovuti uliyoitembelea imekuona, na kampuni ya simu yaweza kujua ulikwenda tovuti gani. Huko Marekani watu waliishtaki Google mwaka 2020 juu ya dirisha hilo katika Chrome, na mwaka 2024 kampuni ilikubali kuharibu kumbukumbu mabilioni zilizokusanywa.

Tena kuna kufuli. Tumezoea kuambiwa kwamba tovuti yenye alama ya kufuli ni salama. Kufuli lasema neno moja tu: njia kati yako na tovuti ile imefungwa, asiyehusika hasomi. Halisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye aweza kupata kufuli, tena bila kulipa senti. Kwa sababu watu walilielewa vibaya, Chrome iliiondoa alama hiyo kwenye mstari wa anwani mwaka 2023. Kwa hiyo soma anwani yenyewe, herufi kwa herufi, kabla ya kuandika neno lako la siri.

Kivinjari chochote utakachochagua, usikipakue kutoka katika tangazo linalopiga kelele kwamba simu yako ina virusi. Mimi nilifanya hivyo zamani, nikavuna matangazo juu ya matangazo hata simu ikawa haishikiki. Chukua katika duka la simu lenyewe, kisha kiruhusu kijisasishe, maana kila toleo jipya huziba matundu ambayo wezi wamekwisha kuyajua. Kivinjari kisichosasishwa ni mlango mzuri wenye kitasa kilichovunjika. Halafu ingia katika mipangilio ya simu, penye programu, ukifanye kiwe ndicho kinachofungua viungo vyote. La sivyo kile cha zamani kitaendelea kutumwa kimya kimya.

Nyumbani kwetu simu bado ni moja. Watoto na wageni hutumia Firefox ya kawaida. Mke wangu ana Firefox Focus, kivinjari kidogo kinachofuta kila kitu kwa kugusa mara moja, naye amekifunga kwa alama ya kidole chake. Anachokisoma mle mimi sikijui, wala siulizi.