Si mvivu, ni misuli inayochoka

Huenda nyumbani kwako au kazini yuko mtu ambaye asubuhi ni mzima kama wewe, lakini ifikapo jioni kope humwangukia, huona kitu kimoja kama viwili, na taya humchoka kabla hajamaliza chakula. Akilala na kuamka, nguvu zimerudi. Majirani husema ni mvivu. Wengine hudai amerogwa au ameanza kulewa.

Miaka michache iliyopita, mwalimu mmoja aliletwa kwangu na mumewe. Mume alikuwa amekasirika. "Daktari, huyu hufundisha vizuri asubuhi, lakini akirudi nyumbani hata sufuria hawezi kuinua. Ananichezea?" Nilimwomba mama yule atazame dari kwa dakika moja bila kushusha macho. Polepole kope zake zikashuka, ya kushoto ikitangulia. Mumewe alinyamaza.

Ugonjwa huo unaitwa miastenia gravisi. Ni nadra: katika kila watu milioni moja, wanaougua hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 250. Thomas Willis, daktari wa Uingereza, aliandika habari za mgonjwa wa aina hii mwaka wa 1672. Hata hivyo, ilikuwa hadi 1934 ambapo Dkt Mary Walker, akifanya kazi London, alionyesha kwamba sindano ya dawa inaweza kumrudishia mgonjwa nguvu kwa saa chache.

Huanzaje?

Ukitaka kuinua mkono, neva hupeleka ujumbe kwenye msuli kwa kutumia kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo hupokewa na vipokezi vilivyo juu ya msuli. Katika miastenia, kingamwili ambazo kazi yake ni kupigana na viini vya magonjwa hugeuka na kuvishambulia vipokezi hivyo. Ni kama tarishi anayekuta milango mingi imefungwa. Mwanzoni ana barua nyingi, nazo kadhaa hupenya. Kadiri kazi inavyoendelea barua hupungua, na msuli hulegea. Mgonjwa akipumzika, nguvu hurudi.

Ugonjwa huu hauambukizi, na kwa kawaida haurithiwi. Huwapata wanawake zaidi kabla ya umri wa miaka 40, na wanaume zaidi baada ya 60. Daktari wa neva huutambua kwa kupima damu na kupima misuli kwa umeme. Kifua pia hupigwa picha, kwa sababu wagonjwa wengine huwa na uvimbe katika tezi ya thaimasi.

Tiba ipo. Tembe za pridostigimini huongeza nguvu kwa saa chache, ilhali prednisoloni na azathiopurini hutuliza kingamwili. Baadhi ya wagonjwa husaidika tezi hiyo ikiondolewa kwa upasuaji. Wengi hufanya kazi na kulea watoto wao kama kawaida.

Hatari iliyo dukani

Yule mwalimu alipata nafuu. Kisha, miezi kadhaa baadaye, akashikwa na homa. Shemeji yake alikimbia kwenye duka la dawa akaeleza kwamba ni malaria, akauziwa kwinini. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ana ugonjwa gani mwingine, wala shemeji hakujua kwamba ni jambo la kusema. Usiku wa pili mama alishindwa kumeza mate, na kufikia alfajiri alikuwa akipumua kwa mashine katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alipona, lakini baada ya majuma matatu.

Kwinini hudhoofisha zaidi njia ya ujumbe kati ya neva na msuli. Klorokwini pia yaweza kuleta madhara, na vilevile baadhi ya antibiotiki kama jentamaisini, siprofloksasini na erithromaisini. Propranololi, dawa ya shinikizo la damu, imo katika orodha hiyo, na hata vinywaji vichungu vilivyotiwa kwinini. Simaanishi kwamba mgonjwa wa miastenia asitibiwe malaria. Malaria yenyewe ni hatari kwake, na dawa nyingine zipo. Anayefaa kuchagua ni daktari anayejua hali yake.

Kazi ya familia

Kwanza, andika kwenye kadi jina la ugonjwa, dawa anazotumia na zile za kuepuka. Kadi moja ikae katika mkoba wa mgonjwa, nyingine nyumbani. Kila mtu wa nyumba, pamoja na msaidizi wa kazi, ajue ilipo na aionyeshe kabla ya dawa yoyote kununuliwa au sindano kudungwa.

Pili, panga siku kulingana na nguvu zake. Kazi nzito zifanywe asubuhi. Ampe pridostigimini nafasi ya nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na chakula kiwe laini. Jua kali humzidishia udhaifu.

Tatu, asikatize prednisoloni ghafla hata akijisikia mzima. Nunua tembe kabla zilizopo hazijaisha.

Nne, fuatilia pumzi yake. Siku akiwa na nguvu, avute pumzi moja ndefu na ahesabu kwa sauti hadi iishe. Andika alipofika. Siku akiishia mbali chini ya hapo, au akishindwa kumeza, au sauti ikiwa ya puani, au akishindwa kulala chali kwa kukosa hewa, mpeleke hospitali yenye mashine ya kupumulia mara moja. Usingoje kupambazuke.

Tano, mtunzaji naye ni binadamu. Gawaneni zamu. Waelezeni watoto kwamba mama hajawakasirikia anapokosa kutabasamu jioni. Misuli ya uso imechoka tu.

Siku hizi mwalimu yule huja kliniki na mumewe. Kabla sijashika kalamu, mume huitoa kadi mfukoni na kuiweka mezani. Ikiwa nyumbani kwako yuko mgonjwa kama huyu na kadi bado haijaandikwa, iandike leo.